Kaktasi za Nguzo Kutoka Kitalu cha Kando ya Barabara, Nakuru

Kitalu ninachokizungumzia kiko kando ya barabara kuu, mtu akitoka Nakuru kuelekea Naivasha, na kati ya miche ya maua na miparachichi huuza kaktasi ndefu za umbo la nguzo ambazo wenye nyumba mpya wanazitafuta sana. Nilinunua moja ya kimo cha mita moja na nusu hivi kwa shilingi 4,500. Mmea wenyewe nausifu bila kusita: shina lilikuwa la kijani kibichi toka juu hadi chini, mbavu zimejaa, na kwenye kitako, ambako uozo huanzia, hapakuwa na sehemu laini wala doa la kahawia.

Jina lake, hata hivyo, halikuwa sahihi. Kibao kilichochomekwa kwenye chungu kilisema ni saguaro, kaktasi mashuhuri ya jangwa la Sonora, lililoko Arizona na kaskazini mwa Meksiko. Saguaro hukua polepole mno: katika miaka 8 ya mwanzo huweza isifikie hata sentimita 4, na mikono yake kwa kawaida huchipuka baada ya miaka 50 hadi 70, kwa hiyo ya kimo kile ingekuwa na umri wa miongo kadhaa. Kilichouzwa ni Cereus ya Amerika ya Kusini, ambayo hukua haraka, hushika mizizi kwa urahisi kutokana na kipande kilichokatwa, na hutoa maua makubwa meupe yanayofunguka usiku na kunyauka asubuhi. Kwa Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na unaonyeshewa hata mwezi wa Agosti, naiona Cereus kuwa chaguo bora, na ingestahili kuuzwa kwa jina lake.

Lililonikera zaidi linahusu usalama. Katika safu ileile wamepanga miche ya yuforbia, mmea wa Afrika usio kaktasi kamwe, wa jamii ya ile miti inayofanya msitu upande wa mashariki wa Mbuga ya Ziwa Nakuru. Yuforbia ikikwaruzwa hutoa utomvu mweupe unaochoma ngozi na unaoweza kumpofusha mtu kwa muda ukimwingia machoni. Miiba yake hutoka miwili miwili, ilhali ya Cereus hutoka kwa mafungu kwenye vivimbe vidogo vyenye manyoya. Mzazi mwenye watoto wadogo anapaswa kuelezwa haya kabla ya kutoa pesa.

Vyungu vyao vya saruji havina tundu chini, na udongo ni mwekundu uliochanganywa na samadi, mchanganyiko unaofaa sukuma wiki lakini unaoozesha kaktasi. Nilipoomba niuziwe mmea bila chungu, mama anayehudumia aliung'oa kwa ustadi, akauviringisha kwa magunia, na akanisihi niulaze kivulini siku kadhaa ili mizizi iliyokatika ikauke kabla ya kupandwa. Ushauri huo ni wa mtu anayeijua kazi yake, kwa sababu kidonda kibichi kikikutana na udongo wenye unyevu huingiza ukungu. Nilipanda kwenye tuta lililoinuka, nusu yake ikiwa vipande vya lile jiwe jepesi la volkeno tunalosugulia miguu, ambalo Bonde la Ufa limejaliwa nalo. Tangu hapo nimekuwa nikimwagilia pale tu udongo unapokauka hadi chini, na wakati wa mvua simwagilii kabisa.

Kwa kuwa miche hukuzwa chini ya neti ya kivuli, mnunuzi aizoeze jua hatua kwa hatua, maana sehemu iliyoungua hubaki na baka lisilofutika. Usafiri wa pikapu hadi mjini hulipiwa kando, na inafaa kupatana bei hiyo kabla mmea haujang'olewa.