Mejdi Tours: Waongozaji Wawili, Simulizi Mbili
Kampuni ya utalii ya Mejdi Tours, ambayo Aziz Abu Sarah, Mpalestina wa Yerusalemu, ni mmoja wa waanzilishi wake, hutembeza wageni katika mji huo pamoja na waongozaji wawili, mmoja Mwisraeli na mwenzake Mpalestina. Mgeni husimama mbele ya jiwe lilelile akasikia historia mbili zisizopatana, na hapo ndipo thamani ya huduma hii ilipo. Ninachokithamini zaidi ni upande wa biashara: watu hao wawili hupata riziki kwa kufanya kazi pamoja, hivyo kusikilizana kwao si hisani ya siku moja. Anayetaka mapumziko matupu atachoka, kwa maana safari hii humwachia msafiri maswali mengi kuliko majibu.