Maswali ya Zamani ya GATE: Uzoefu Wangu wa Kujiandaa na Mtihani wa Sayansi ya Kompyuta Nikiwa Lamu

Tangu mwaka jana najiandaa na mtihani wa kujiunga na shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta katika chuo kimoja cha ng'ambo, mtihani ambao waombaji wake ni wengi na nafasi zake ni chache mno. Chuo hicho hutoa muhtasari wa mada na maswali machache ya mfano, basi, na mengine yote mwombaji hujitafutia mwenyewe. Katika kutafuta huko nimejaribu vitabu, programu za simu na video za mafunzo, lakini kilichonifaa kuliko vyote ni karatasi za miaka iliyopita za GATE, mtihani wa India wa kuombea masomo ya uzamili ya uhandisi na sayansi. Tathmini hii nawaandikia hasa wenzangu waliomaliza shahada ya kwanza Kilifi, Mombasa au Nairobi, wakarudi nyumbani Lamu, na sasa wanataka kuendelea na masomo mahali ambapo hakuna darasa la matayarisho wala mwalimu wa kumwendea jioni.

GATE husimamiwa kwa zamu na Taasisi ya Sayansi ya India iliyoko Bengaluru pamoja na taasisi saba za teknolojia zijulikanazo kwa kifupi kama IIT: za Bombay, Delhi, Guwahati, Kanpur, Kharagpur, Madras na Roorkee. Hufanywa mara moja kwa mwaka, na matokeo yake hutumika kwa miaka 3 kuombea nafasi za uzamili na hata ajira katika baadhi ya mashirika ya umma ya huko. Karatasi ya sayansi ya kompyuta ina maswali 65 yenye jumla ya alama 100, na mtahiniwa hupewa saa 3. Alama 15 ni za lugha ya Kiingereza na uwezo wa jumla wa kufikiri. Zilizobaki ni za hisabati na somo lenyewe, kuanzia mantiki ya dijitali, usanifu wa kompyuta, miundo ya data na algoriti, hadi nadharia ya ukokotoaji, kompaila, mifumo endeshi, hifadhidata na mitandao. Mtu aliyesoma sayansi ya kompyuta katika chuo chochote cha Kenya ataona kwamba hizi ni mada zile zile alizofundishwa, ila hapa zinaulizwa kwa ukali ambao mitihani yetu ya mwisho wa muhula huwa haina.

Karatasi hizo zinapatikana bure kwenye tovuti za wasimamizi, pamoja na majibu rasmi. Jambo hili la majibu lina uzito kuliko linavyoonekana. Baada ya kila mtihani, majibu ya awali hutangazwa, na mtahiniwa mwenye hoja huruhusiwa kuyapinga kwa kulipa ada. Ikibainika kwamba swali lilikuwa na kasoro, jibu hurekebishwa au watahiniwa wote hupewa alama za swali hilo. Kwa hiyo majibu ya mwisho yamepita mikononi mwa maelfu ya watu ambao kila mmoja ana sababu ya kutafuta kosa ndani yake. Anayejisomea peke yake kisiwani, asiye na mtu wa kumuuliza kama jibu la kitabu ni sahihi, anahitaji chanzo cha namna hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Nilijifunza umuhimu huo baada ya kulipia programu moja ya simu iliyodai kuwa na maelfu ya maswali ya matayarisho. Maswali yalikuwa mengi kweli, lakini maelezo ya majibu mara nyingi yalikuwa sentensi moja isiyofafanua chochote, na katika sehemu ya mitandao nilikuta swali la kugawanya anwani ambalo jibu lake lilihesabu vituo 64 vya kutumika katika mtandao ambao biti 26 kati ya 32 za anwani ni za kuutambulisha mtandao wenyewe, ilhali kati ya anwani hizo 64 moja ni ya mtandao wenyewe na nyingine ni ya matangazo kwa vituo vyote, hivyo vinavyobaki ni 62. Niliwaandikia, sikujibiwa. Anayeanza kusoma mitandao angelichukua kosa hilo na kuingia nalo mtihanini akiwa na imani kamili.

Sasa nieleze kinachofanya maswali haya ya India yawe mazuri kiasi hiki. Yapo ya aina tatu. Aina ya kwanza ni ya kuchagua jibu moja kati ya manne, na ukikosa unakatwa theluthi ya alama za swali. Kanuni hii watu wengi huiogopa bila kuihesabu. Chukua swali la alama 1. Anayebahatisha bila kujua lolote ana nafasi moja kati ya nne ya kupata alama nzima, na nafasi tatu kati ya nne za kupoteza theluthi, kwa hiyo wastani wa atakachovuna ni robo kutoa robo, yaani sifuri. Akiweza kuliondoa jibu moja kwa hoja thabiti, wastani unakuwa sehemu moja ya tisa ya alama; akiyaondoa mawili, unafika theluthi nzima. Kwa maneno mengine, kubahatisha kitupu hakukupi kitu, lakini ujuzi wa nusu nao hulipwa kiasi, mradi uutumie kuondoa majibu yasiyowezekana. Nilipolifahamu hilo nilianza kuandika pembeni mwa kila swali sababu ya kulikataa kila jibu nililolikataa, na zoezi hilo limenifunza zaidi kuliko kutafuta jibu sahihi peke yake.

Aina ya pili iliingizwa mwaka 2021: majibu sahihi yanaweza kuwa zaidi ya moja, na lazima uyachague yote bila kuacha wala kuzidisha. Hukatwi alama ukikosa, lakini pia hupewi chochote kwa kupata sehemu. Ni maswali magumu, na nakiri kwamba ndiyo yananichosha haraka zaidi.

Aina ya tatu ndiyo ninayoipenda. Hakuna majibu ya kuchagua, unaandika namba. Hapa hakuna pa kujificha, kwa kuwa kosa dogo katikati ya hesabu huharibu mwisho wake, na hakuna orodha ya majibu ya kukuonyesha kwamba umepotea. Mfano mzuri unatoka katika mifumo endeshi. Programu inaomba kurasa za kumbukumbu kwa mfuatano huu: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5. Kumbukumbu ina nafasi 3, na nafasi zikijaa hutolewa ukurasa uliotangulia kuingia. Je, ni mara ngapi ukurasa unaoombwa utakosekana, yaani hautakuwamo kwenye kumbukumbu na itabidi uletwe? Ukichora jedwali na kufuata hatua moja baada ya nyingine utapata 9. Kisha ongeza nafasi ziwe 4. Akili ya kawaida inasema nafasi zikiongezeka, kukosekana kutapungua. Chora tena: kurasa nne za kwanza zinakosekana kwa lazima, 1 na 2 zinapatikana, halafu 5 inaingia kwa kuitoa 1, na mara hiyo hiyo 1 inaombwa, inaingia kwa kuitoa 2, na mara hiyo hiyo 2 inaombwa, na mambo yanaendelea hivyo hadi mwisho. Jumla ni 10. Kumbukumbu imeongezwa na hali imekuwa mbaya zaidi. Tokeo hili linajulikana kwa jina la László Bélády, mtafiti aliyelionyesha pamoja na wenzake mwaka 1969. Ukibadilisha kanuni ili utolewe ukurasa uliokaa muda mrefu zaidi bila kutumika, mfuatano ule ule unatoa 10 kwa nafasi 3 na 8 kwa nafasi 4, jinsi ulivyotarajia tangu mwanzo.

Nililisoma jambo hili chuoni kama tanbihi ya sentensi mbili na nikalisahau. Baada ya kulichora kwa mkono siwezi kulisahau tena, kwa sababu nimeuona ukurasa wa 1 ukitolewa punde kabla ya kuhitajika. Ndiyo maana namshauri kila anayejiandaa ayafunike majibu manne ya maswali ya kuchagua na kuyafanya yote kana kwamba ni ya kuandika namba. Afunue tu baada ya kufika mwisho wa hesabu yake.

Jioni baada ya Isha huwa tunakaa barazani watu wawili watatu, kila mmoja na karatasi yake, na anayedai kulifahamu swali hulazimika kulieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo. Tuliwahi kubishana muda mrefu juu ya swali la mkwamo, yaani hali ya michakato (programu zinazoendeshwa) kungojeana bila mwisho: kifaa cha aina moja kipo kwa idadi ya 6, kila mchakato huhitaji viwili ili umalize kazi yake, je, ni michakato mingapi kwa wingi inayoweza kuendeshwa pamoja bila hatari yoyote ya kukwama? Mmoja wetu alishikilia 3, kwa hoja kwamba 6 ukigawa kwa 2 ni 3. Binamu yangu, ambaye ni mwalimu wa hisabati na hakusoma kompyuta kabisa, akamwambia, "Hebu waweke katika hali mbaya kuliko zote, ami. Kila mmoja ameshika kimoja na anangoja cha pili. Wakiwa watano, vimeshikwa vitano, kimoja kimebaki; atakayekipata atamaliza, atarudisha viwili, na wengine watapita. Wakiwa sita ndipo hakuna aliyebakiwa na njia." Jibu ni 5, na namna aliyoitumia ndiyo kanuni yenyewe ya vitabuni: upe kila mchakato vifaa pungufu kwa kimoja kuliko unavyohitaji, kisha uhakikishe kwamba bado kuna kimoja cha ziada. Maswali mazuri ndivyo yalivyo, hata asiye wa fani anaweza kuyafikia kwa kufikiri sawasawa.

Kasoro zipo, na ni haki zisemwe. Karatasi za miaka ya nyuma sana zimepigwa picha vibaya, na baadhi ya alama za hisabati hazisomeki. Zina pia mada zilizokwisha kuondolewa kwenye muhtasari, kama uhandisi wa programu, kwa hiyo ni vyema kuanza na za karibuni na kurudi nyuma. Majibu rasmi hutoa herufi au namba peke yake bila ufafanuzi. Kwa maelezo nilitegemea mihadhara ya NPTEL, mradi wa taasisi hizo hizo za India unaotoa kozi nzima za chuo kikuu bure kwenye intaneti. Ile ya nadharia ya ukokotoaji na ile ya algoriti zimenisaidia sana, ingawa mihadhara ni mirefu na hula bando, na huku kwetu mtandao ukipungua nguvu video hukwama katikati ya uthibitisho. Mimi huzipakua usiku, kwa ubora wa chini, kwa maana maandishi ya ubaoni husomeka hata hivyo.

Kasoro iliyo kubwa zaidi kwangu ni kwamba karatasi hizi hazikufundishi kuandika programu. Zina maswali ya kusoma msimbo wa lugha ya C na kusema utatoa nini, hasa msimbo unaojiita wenyewe na ule wenye vielekezi (pointers), na hayo ni mazoezi bora ya umakini. Lakini kama chuo unachokiomba kitakutaka uandike programu inayofanya kazi mbele ya saa, itakubidi utafute mazoezi mengine ya kuambatanisha na haya. Na mwenye kuomba masomo ya sayansi ya data ajue kwamba tangu mwaka 2024 GATE ina karatasi ya peke yake ya sayansi ya data na akili bandia, ambayo miaka yake iliyopita bado ni michache.

Jinsi ninavyozitumia ni hivi. Karatasi nazichapisha saiba, upande mmoja tu wa karatasi, ili upande wa pili uwe wa kuhesabia. Majibu siyachapishi pamoja nazo. Simu inabaki nyumbani, na stima ikikatika kazi haisimami, mradi kuna taa. Mchana huenda maktaba iliyo ndani ya Ngome ya Lamu, ambako kuna utulivu, na hukaa saa 3 kamili na karatasi nzima bila kuinuka, kwa sababu maswali 65 kwa dakika 180 ni chini ya dakika 3 kwa kila moja, na kasi hiyo haizoeleki kwa kufanya maswali matano leo na matatu kesho. Mitihani ya GATE huwa na kikokotoo kwenye skrini, lakini mtihani wangu hauruhusu, kwa hiyo nami sikitumii.

Kwa aliyesahau misingi, sipendekezi aanze hapa, kwani atakata tamaa. Apitie kwanza vitabu vyake vya chuo vya hisabati za diskriti, miundo ya data na mifumo endeshi. Kwa aliye na misingi na hana fedha za kulipia matayarisho, sijaona mazoezi yanayozidi haya. Aanze na sehemu ya mifumo endeshi na ile ya algoriti katika karatasi za tangu 2021, aziache za mitandao hadi awe ameshika hesabu za biti, na asiyafungue majibu kabla ya saa 3 kwisha.