Kabla hujanunua rili ya kuvulia samaki aina ya besi, angalia kwanza breki ziko wapi

Naanza na kilichonikuta. Rili yangu ya kwanza ya kurushia, hizi ambazo spuli yenyewe, ile roda inayobeba mshipi, ndo inazunguka juu ya fimbo, niliinunua kwa sababu muuzaji alinihesabia beringi moja moja na mimi nikaamini beringi nyingi ndo ubora. Siku ya tatu nipo kwenye boti, upepo umegeuka unanipiga usoni, kila nikirusha mshipi unatatana, nikasema ngoja niongeze breki. Sasa breki za rili ile zilikuwa ndani, chini ya kifuniko cha ubavuni. Nikakizungusha, kikachomoka chote, kikagonga ukingo wa boti halafu tubwi, majini. Nikabaki na rili iko wazi mkononi, na vile vipande vya breki vidogo kama punje ya mchele viwili sivioni. Uvuvi wa siku hiyo ukaishia hapo, na kifuniko cha kununua peke yake sijakipata mpaka leo.

Ndo maana hapa sitazungumzia rangi, uzito wala idadi ya beringi. Swali langu ni moja: breki unaifikia kwa kidole huku umeshika fimbo, au mpaka ufungue kitu?

Watu wanalidharau hili swali wakati ndo linaloamua kama utajifunza au utakata tamaa. Ukirusha, chambo kinaanza na kasi kisha kinapungua kwa sababu ya upepo, au kinagonga maji na kusimama kabisa, lakini spuli haijui, yenyewe inaendelea kuzunguka na kutoa mshipi ambao hauna pa kwenda. Hapo ndo unapata lile fundo kubwa lililowafanya wengi wazirudishe rili zao kwenye boksi. Breki ipo kuizuia spuli isikimbie kuliko chambo. Na kila chambo kina uzito wake, kila upande una upepo wake, kwa hiyo anayejifunza anatakiwa aguse breki mara kumi au ishirini kwa siku. Kama kila mara ni kufungua kifuniko hatagusa, atavumilia mafundo mpaka jioni na kudhani mkono wake ndo mbovu.

Namba moja kwangu ni Daiwa Tatula, na kama mfuko unaruhusu chukua Tatula SV TW. Sifichi, naipenda. Breki yake ni ya sumaku, ina kidude cha kuzungusha ubavuni kwa nje chenye namba 0 mpaka 20, unasogeza kidogo unarusha, unasogeza tena unarusha, hufungui chochote. Halafu pale mshipi unapopitia, badala ya kitundu kidogo kama rili nyingi, ina uwazi wenye umbo la herufi T: ukibonyeza kitufe cha kuachia spuli mshipi unahamia sehemu pana, ukianza kuvuta unarudi sehemu nyembamba. Mshipi unatoka bila kukwaruzwa sana pembeni. Hiyo SV spuli yake imetengenezwa kupunguza mafundo hata kwa chambo chepesi, na chambo chepesi ndo kinachowatesa wanaoanza.

Namba mbili ni Shimano, hasa SLX DC au Curado DC. Hizi zina kompyuta ndogo ndani inayopima mzunguko wa spuli na kufunga breki yenyewe, hazitumii betri, umeme unatokana na kuzunguka kwa spuli, na ukirusha unasikia mlio mwembamba kama wa mbu. Breki ina hatua 4 unazichagua kwa nje. Nzuri sana, ila ni ghali na naona inamnyima mtu nafasi ya kuzoeza kidole gumba kuizuia spuli. Shimano zile za kawaida zenye breki iitwayo SVS Infinity zina kirekebishio nje namba 1 mpaka 6, lakini vipande vyenyewe viko ndani na lazima uvipange kwanza, kwa hiyo fanya kazi hiyo nyumbani mezani, usiifanye kwenye boti.

Abu Garcia Black Max ni ya tatu. Sumaku, kirekebishio nje, mwanafunzi anaimudu. Za bei ya chini kabisa, KastKing Royale Legend ndo ningeigusa, nayo breki iko nje. Basi.

Sasa wauzaji. Wakuhesabie beringi, wakwambie gia 8.1 kwa 1 (mkono ukizunguka mara moja spuli inazunguka mara 8.1) inavuta haraka, lakini hakuna anayekuuliza unazungusha kwa mkono gani! Rili hizi mkono wa kuzungushia hauhamishiki upande wa pili kama zile za spuli iliyosimama, ukibeba ya kushoto ni ya kushoto maisha yote. Nimeona watu watatu wameuziwa upande usio wao na kuambiwa watazoea. Na gia 8.1 kwa anayeanza ya nini, 6.3 au 7.1 inatosha kwa karibu kila chambo cha besi. Kinaniudhi zaidi ni vipuri, wanakuuzia rili nzima ya maana halafu kipande cha breki hawana na wala hawaagizi.

Ukishainunua, weka mshipi wa nailoni wenye nguvu ya pauni 12 mpaka 15, ule wa kusuka uache kwanza maana unajichimbia kwenye spuli, na usijaze mpaka juu, bakiza kama milimita 3. Funga chambo cha gramu 14 hivi. Kaza ile nati ndogo upande wa mkono wa kuzungushia, bonyeza kitufe, chambo kishuke polepole, na kikigusa chini spuli isimame palepale, ikiendelea kuzunguka kaza tena. Breki weka karibu na namba ya juu kabisa. Rusha taratibu kwa mkupuo mmoja laini bila kushtua, kidole gumba kikiwa kimelalia spuli kwa wepesi, na sekunde ile kabla chambo hakijagusa maji kandamiza. Kila ukirusha vizuri mara kadhaa bila fundo punguza breki namba moja, upepo ukikugeukia irudishe.

Fundo likitokea usianze kuvutavuta. Kandamiza spuli kwa kidole gumba kwa nguvu, zungusha mkono wa rili mara mbili tatu huku umekandamiza, kisha bonyeza kitufe na utoe mshipi polepole kwa vidole. Ukikwama rudia tena na tena. Mafundo mengi yanaachia kwa njia hii kabla hujafikiria mkasi.