Uzoefu wangu na nakala rudufu za Elasticsearch: saa saba yetu na saa saba yake

Huu ni mwaka wa tatu natumia Elasticsearch, programu ya kuhifadhi na kutafuta maandishi, hapa Langoni, Lamu, kwenye ofisi ndogo inayohifadhi picha za hati kongwe: barua za biashara ya majahazi, mashairi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Klasta yetu, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, ni nodi (seva) tatu. Kwa kutafuta sina neno. Mtu akikumbuka neno moja tu la ubeti, hati inamtokea papo hapo. Nakala rudufu ndizo zilizonikesha siku nne.

Asubuhi moja Maalim, mkubwa wetu, aliniita: "Mwanangu, mbona hati mpya hazikubali kuingia?" Nikatazama, diski zimepita asilimia 95. Zikifika hapo, Elasticsearch hufunga faharasa, yaani mafungu inamohifadhi hati, zisiandikwe. Kusoma na kufuta tu ndiko kunakobaki. Sasa, kila tunaposahihisha maandishi tunajenga faharasa upya, na skripti yetu, programu fupi inayojiendesha, ndiyo inayopaswa kufuta zile kuukuu usiku. Kumbe ilikuwa haijafuta kitu kwa wiki kadhaa. Kwenye logi, kumbukumbu za mfumo, jibu ni lile lile: faharasa haifutiki, nakala yake inachukuliwa.

Tulipanga nakala ichukuliwe saa saba usiku na usafishaji ufanyike saa kumi. Saa tatu nzima katikati, zinatosha na kubaki. Nilichokuwa sijui ni kwamba ratiba ya nakala ndani ya Elasticsearch husomwa kwa UTC, saa ya kimataifa, na Kenya iko mbele kwa saa tatu. Saba yetu nilikuwa nimeshaigeuza kuwa 1 kichwani, nikaona kazi imekwisha. Basi ile 1 ikawa inafika Lamu saa kumi alfajiri, dakika ile ile skripti inapoamka kwa saa ya seva, ambayo ni ya Kenya. Mmoja ananakili, mwingine anataka kufuta kile kile. Nilirudisha nakala kwenye 22, ndiyo saa saba ya kwetu, na usiku uliofuata faharasa kuukuu zikafutika zote. Diski iliposhuka chini ya asilimia 90, kufuli likafunguka lenyewe.

Nikadhani nimepona. Kisha nikafungua orodha ya nakala na kuona neno PARTIAL, yaani nakala haikukamilika, mstari baada ya mstari. Hili lilinitisha kuliko diski kujaa, maana tulikuwa tunalala tukiamini hati ziko salama. Nikaamuru ghala, diski ya pamoja zinamowekwa nakala, lihakikiwe kwa `_verify`. Likanitajia nodi ya tatu kwa jina, kwamba haiwezi kuandika. Ndiyo ile tuliyoisimika upya baada ya umeme kuiua. Nikaandika `id elasticsearch` kwenye kila mashine: 112, 112, 115. Jina la mtumiaji moja, namba mbalimbali, na diski ya pamoja hutazama namba, haitazami jina. Nikaisimamisha nodi, nikabadili namba pamoja na umiliki wa mafaili yake, nikaiwasha. Nakala iliyofuata ikaandika SUCCESS.

Katikati ya hayo mwenzangu alitaka aingie kwenye ghala afute mafaili ya zamani kwa mkono tupate nafasi. Nilimzuia, nawe usikubali kabisa. Nakala hazijitegemei kama sanduku na sanduku: ya leo huchukua mapya tu na kuegemea mafaili ya jana. Ukifuta faili la mwezi uliopita huenda umeiua ya jana usiku. Ifute nakala kupitia Elasticsearch yenyewe, inajua lipi bado linahitajika; mabaki yasiyo na mwenyewe yaondoe kwa `_cleanup`, iliyopo tangu toleo la 7.4.

Kwa ofisi ndogo kama yetu naipendekeza kwa moyo wote, ila SUCCESS peke yake haikunitosha. Nilirejesha faharasa ya barua kwa jina jingine, nikahesabu hati pande zote mbili, zikalingana. Kisha nikamwita Maalim achague barua yoyote. Akachagua ya nahodha mmoja, akaisoma mpaka mwisho kutoka kwenye nakala, ndipo nikafunga mashine.