Uzoefu wangu na kifaa cha kusisimua neva ya vagasi kwa mtoto mwenye kifafa

Binti yangu ana kifafa kisichotulia kwa dawa, na kwa muda sasa anaishi na kifaa cha kusisimua neva ya vagasi (mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni na kupita shingoni) kilichopandikizwa kifuani, chini ya mtulinga wa kushoto. Kimemsaidia. Kifafa humshika mara chache kuliko zamani, na kikimshika huchukua muda mfupi kumwachia, ingawa dawa bado anazimeza kila siku. Ninachotaka kueleza ni madhara yake, kwa sababu mzazi ndiye anayeyaona mezani na kitandani, mahali ambapo daktari hayupo.

Kifaa hutuma umeme mdogo kupitia waya uliozungushiwa neva hiyo shingoni, na mpangilio uliozoeleka ni sekunde 30 za msisimko na dakika 5 za mapumziko, usiku na mchana. Nguvu yake huanzia chini, mara nyingi miliampea 0.25, kisha hupandishwa kidogo kidogo kliniki. Kwa kuwa tawi la neva hiyo ndilo linaloongoza nyuzi za sauti, dalili ya kwanza ilijitokeza kooni: mtoto anasoma kwa sauti, ghafla sauti inakwaruza na kuwa nzito, anakohoa kidogo, halafu inarudi kama kawaida anapoendelea na sentensi ileile. Hali hiyo ilizidi kila nguvu ilipopandishwa, kisha ikapungua mwili ulipozoea. Mwalimu wake aliarifiwa mapema ili asimharakishe wakati wa kusoma, na naona hilo lilimsaidia mtoto kuliko dawa yoyote ya kikohozi.

Lililonitia hofu zaidi ni kupaliwa. Msisimko ukija wakati anameza, hasa maji, alikuwa akipaliwa na macho kumtoka machozi. Kwa watoto jambo hili halipaswi kupuuzwa, zaidi kwa wale ambao tayari wana shida ya kutafuna au kumeza, kwani chakula kikiingia kwenye njia ya hewa kinaweza kuleta homa ya mapafu. Sumaku inayotolewa pamoja na kifaa ina kazi mbili: ukiipitisha haraka juu yake unaongeza msisimko wa kukatiza degedege, lakini ukiishikilia palepale msisimko husimama hadi uiondoe. Kwa idhini ya daktari tulikuwa tukiibandika kifuani anapokula na kuiondoa mara tu anapomaliza, hadi nguvu ya umeme iliporekebishwa.

Usiku ulihitaji uangalizi wa aina nyingine. Alianza kukoroma, na nilipokaa karibu naye niliona pumzi ikiwa fupi kwa vipindi, kisha ikitengemaa. Ninamshauri mzazi yeyote anayeona hivyo aombe mtoto apimwe usingizi, kwa sababu daktari anaweza kubadilisha mpangilio wa msisimko bila kukitoa kifaa.

Kidonda chake cha upasuaji kilipona vizuri, lakini kwa watoto uambukizo ni hatari ya kweli, kwa kuwa hujikuna. Wekundu, joto au usaha vikionekana asisubiriwe tarehe ya kliniki, kwani uambukizo ukishika huenda kifaa kikalazimika kutolewa.

Nchini Marekani kifaa hiki kiliidhinishwa mwaka 1997 kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12, na mwaka 2017 umri ukashushwa hadi miaka 4, kwa hiyo familia nyingi zaidi zitapewa ushauri wa kukitumia. Ningekubali tena kuwekewa binti yangu, ila kabla ya upasuaji ningetaka majibu kamili kuhusu mambo mawili ambayo kwetu yaligusiwa juujuu tu: masharti ya kupigwa picha ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayotumia sumaku yenye nguvu) akiwa na kifaa mwilini, na upasuaji mwingine utakaohitajika betri itakapokwisha, maana kwa mtoto mdogo huenda ukarudiwa zaidi ya mara moja kabla hajawa mtu mzima.