Uzoefu wangu: picha tatu za waungwana wa Ulaya zilizotiwa rangi kwa mkono

Mwezi Machi mwaka huu niliagiza mtandaoni picha tatu kutoka duka moja la picha kuukuu, lililoko nchi jirani na hapa Ubelgiji ninakoishi. Zote zilichapwa kwa bamba la shaba katika karne ya 18, na zote zinaonyesha mavazi ya mashirika ya waungwana wapanda farasi wa zamani: Shirika la Manyoya ya Dhahabu, Shirika la Alcántara la Hispania na Shirika la Kristo la Ureno. Nililipa yuro 165 pamoja na gharama za posta. Tangazo lilisema kwamba zimetiwa rangi kwa mkono, na kwamba rangi hiyo ni ya zama zile zile zilipochapwa. Kwa ajili ya maneno hayo ya mwisho nilikubali bei iliyokaribia mara mbili ya picha kama hizo zisizo na rangi.

Kifurushi kilifika baada ya siku sita, na kuhusu ufungaji sina lalamiko: kila picha ilikuwa ndani ya karatasi laini, zote zikiwa zimebanwa katikati ya mbao mbili nyembamba, wala hakuna pembe iliyokunjika. Picha zenyewe ni za kweli, si nakala za mashine. Bamba la shaba likipitishwa kwenye shinikizo huacha mbonyeo wa mstatili kuizunguka picha, nao unahisika kwa kidole. Wino nao, kwa kuwa hutoka ndani ya mifereji iliyochongwa, hukaa juu ya karatasi kama uzi uliotuna. Nilikuwa nimekwisha kuyaona mabamba ya aina hiyo katika Makumbusho ya Plantin-Moretus hapa Antwerpen, kwa hiyo nilijua la kutafuta. Nilipoziinua kuelekea dirishani, ikaonekana mistari ya waya wa chekeche iliyotumika kutengenezea karatasi kwa mkono.

Picha ya Manyoya ya Dhahabu ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Shirika hili lilianzishwa mjini Brugge mnamo Januari 1430 na Philip Mwema, mtawala wa Burgundy, wakati wa sherehe za harusi yake na Isabella wa Ureno. Mwanzoni joho la wanachama lilikuwa la sufu nyekundu, na kuanzia 1473 likawa la mahameli ya rangi ya damu ya mzee. Aliyeitia rangi picha yangu alilijua hilo, kwa maana amelaza tabaka mbili au tatu za rangi ya maji, nyembamba palipo na mwanga na nzito ndani ya mikunjo, kisha akapitisha gundi ya mgunga juu ya mikunjo hiyo ili ing'ae kama mahameli. Mkufu mzima hauzidi ukucha wa kidole gumba, lakini ukiutazama kwa kioo cha kukuzia unaviona vyuma vya kuwashia moto vyenye umbo la herufi B, ya Burgundy, vikipokezana na mawe ya gumegume yanayotoa cheche, na chini yake ngozi ya kondoo ikining'inia. Sisi wa Pwani, tuliozoea kumtazama bwana harusi kuanzia tarizi ya shingo ya joho lake, hatuhitaji kufundishwa jicho lianzie wapi.

Nilipoigeuza, nilikuta nyuma ya karatasi doa la kahawia lenye umbo lile lile la nyasi anazozikanyaga mwungwana huyo. Ni dalili njema kwamba rangi yenyewe ni ya kale. Rangi ya kijani ya zamani mara nyingi ilitengenezwa kwa kutu ya shaba, na kutu hiyo, miaka ikipita, huila karatasi polepole hadi kivuli chake kikatokea upande wa pili.

Picha ya Shirika la Kristo niliinunua kwa sababu za nyumbani. Shirika hili liliundwa mwaka 1319, likarithi mali za Wahekalu, shirika la watawa wapiganaji lililokuwa limevunjwa, nchini Ureno, na msalaba wake mwekundu wenye msalaba mweupe ndani yake ndio uliokuwa kwenye matanga ya merikebu za Vasco da Gama zilizotia nanga Malindi mwaka 1498. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na nilitaka kuwa nao ukutani. Mwungwana wa pichani ana nywele za mawimbi zilizomwagika mabegani kama za watu wa jumba la mfalme wa Ufaransa, jambo linaloonyesha kwamba mchongaji alimvika mtu wa kale fasheni ya enzi yake mwenyewe, lakini hilo ni la kawaida kwa picha hizi na silihesabu kuwa kasoro. Kasoro ni nyasi. Ni za kijani kibichi, na nyuma yake karatasi ni safi kabisa. Zaidi ya hayo, kwenye ukingo wa chini pana mpasuko mdogo uliozibwa kwa kipande cha karatasi nyembamba, na rangi ya kijani imepita juu ya kiraka chenyewe. Kiraka kilitangulia, rangi ikafuata, na kiraka hicho kimebandikwa kwa gundi ambayo bado ni nyeupe pe.

Hata hivyo kosa la picha ya Alcántara ni kubwa zaidi. Misalaba ya Calatrava, shirika jingine la waungwana wa Hispania, na ya Alcántara ina umbo moja, ncha zake zikichanua kama yungiyungi, na waungwana wa pande zote mbili huvaa joho jeupe. Kinachowatenganisha ni rangi, wa Calatrava wakiwa na msalaba mwekundu na wa Alcántara wa kijani. Chini ya picha yangu jina la Alcántara limechongwa kwa Kifaransa, waziwazi. Msalaba umepakwa nyekundu. Nilipousogezea kioo niliona chini ya wekundu huo mistari myembamba inayoshuka mshazari kutoka kushoto kwenda kulia. Wachongaji walikuwa na alama za kuonyesha rangi bila kutia rangi, kwa utaratibu ulioenezwa na kitabu cha mtaalamu wa nembo Silvester Petra Sancta cha 1638: mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni bluu, nukta ni dhahabu, na mshazari wa namna hiyo ni kijani. Mchongaji alikuwa ameshasema ukweli, mwenye brashi akaufunika.

Niliwaandikia wenye duka na kuwatumia picha za nyuma ya karatasi. Walijibu siku ya pili kwa adabu, wakaeleza kwamba maneno "rangi ya zama zake" wao huyatumia kwa maana pana, maelezo ambayo kwangu hayana uzito, maana bei haikuwa ya maana pana. Walikubali kunirudishia yuro 30 kwa ile ya Shirika la Kristo, nikabaki nayo, na fedha zote za ile ya Alcántara nilipoirudisha, ingawa posta ya kuirudisha niliilipa mwenyewe.

Kwa anayetaka kununua, uaminifu wa karatasi na ufungaji wao nausifu bila kusita, ila aombe kwanza picha ya nyuma ya kila karatasi na asilipe kabla ya kuiona. Mimi agizo langu linalofuata litakuwa la picha zisizo na rangi, ambazo ni nafuu na mistari yake inasomeka. Wiki iliyopita niliona ile ya Alcántara imerudi kwenye orodha ya duka: sasa inaelezwa kuwa ina rangi ya baadaye, bei imeshuka kwa yuro 10, na kuhusu msalaba hakuna neno hata moja.