Kothbiro: wimbo wa mvua ulioniliza miaka kabla nijue unasema nini

Haya watu wangu, mambo vipi, karibuni tena. Niko Kisumu, Migosi, ni asubuhi sana, nimeamka mapema makusudi juu ikifika saa mbili kuna fundi hapa nyuma anaanza kuchomelea mageti na sitaki hiyo kelele leo. Wale mmezoea nichambue simu na spika, leo hakuna simu. Leo nachambua wimbo mmoja ndani ya saundtraki moja ya filamu, na nitachukua muda wangu, so kama una chai kaa nayo.

Saundtraki ni ya The Constant Gardener, filamu ya mwaka 2005 iliyopigwa hapa kwetu Kenya, Kibera na huko juu Turkana, dairekta ni Mbrazili anaitwa Fernando Meirelles. Muziki mwingi wa ndani umetungwa na Mhispania, Alberto Iglesias, na alikuwa kwa orodha ya wale wa kushindania Oscar. Lakini katikati ya kazi yake kuna nyimbo za mtu wetu, Ayub Ogada, na moja ndo hii, Kothbiro. Nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, na sauti ya mtu, basi. Na huo ndio wimbo unaovunja watu. Nimeshaona mwanaume mzima, fundi wa mitambo, anavua miwani anajifanya inaukungu.

Wacha niwaambie kidogo kuhusu Ayub juu vijana wengi hapa Kisumu hawamjui na inaniuma. Jina la kwanza alikuwa anaitwa Job Seda. Alizaliwa Mombasa 1956. Wimbo wenyewe ni wa zamani kuliko filamu, bendi ya Nairobi inaitwa Black Savage ilishaurekodi miaka ya 1970 na yeye akiwa ndani. Akaanzisha African Heritage Band na wenzake, halafu 1986 akabeba nyatiti yake akaenda Uingereza, na huko alikuwa anapiga kwa stesheni za treni za chini ya ardhi, London, watu wanapita na haraka zao wanamrushia sarafu. Hapo ndo akaskika, akaitwa Womad, lile tamasha la muziki wa dunia, na 1993 ikatoka albamu En Mana Kuoyo chini ya lebo ya Real World. Hiyo ndo rekodi ambayo wengi tunaijua. Maana ya hilo jina ni "ni mchanga tu". Ebu fikiria mtu anaita albamu yake mchanga tu.

Na kuna kitu kingine. Ukiangalia Out of Africa, ile ya 1985, kuna kijana anaigiza Kanuthia. Huyo ni yeye! Filamu ambayo muziki wake wa John Barry ulishinda Oscar, ule wa mavayolini wakati ndege inapita juu ya nchi yetu na watu wanalia, kumbe mtu aliyekuja kuwaliza miaka ishirini baadaye na nyuzi nane alikuwa amesimama hapo ndani. Hiyo mimi nikiifikiria nanyamaza.

Alirudi nyumbani akaishi Nyahera, hapa juu tu, si mbali. Akaaga Februari 2019.

Sasa mimi na huu wimbo. Mimi ni wa Nakuru, upande wa Bahati, Dholuo, lugha ya Waluo, sikuwa najua ata neno zaidi ya salamu. Hii filamu niliiona mara ya kwanza kwa laptopu ya rafiki, tumebanana wanne kwa kitanda kimoja, na kwa ile kopi yetu hakukuwa na tafsiri ya wimbo. Nyatiti ikaanza, ile kuzunguka yake, inazunguka inarudi palepale, inazunguka inarudi, halafu sauti ikaingia juu, nyembamba, haina haraka. Nikahisi koo limefunga. Nikasema ni hadithi ya filamu, si unajua mke ameuawa, mzee wa watu anatafuta ukweli, dawa zinajaribiwa kwa maskini, mambo mazito. Lakini nikatafuta wimbo peke yake kesho yake, bila picha, nikiwa kwa matatu narudi nyumbani, na tukiwa tunapanda pale mbele ya mlima wa Menengai machozi yakatoka tena. Bila filamu. Bila kuelewa neno hata moja. Mama aliyekaa kando yangu akaniuliza kijana, kuna msiba? Nikamwambia hapana mum, ni ngoma tu. Akaniangalia vile unaangalia mgonjwa.

Miaka ikapita na huo wimbo, mimi nikijua kichwani kwamba huyu mtu analilia maiti. Au mpenzi aliyepotea. Lazima, si unaskia sauti?

Nikahamia Kisumu kikazi. Hapa kwa ploti kuna dani mmoja, yaani nyanya, yeye huketi nje jioni anachambua mboga, na mimi napenda kukaa naye juu ananisaidia na lugha. Jioni moja nikaweka Kothbiro kwa spika ndogo nikamwambia, Dani, nisaidie, huyu analia nini? Akaskiza. Akacheka kidogo. Akaniambia, nyathina, yaani mwanangu, halii. Anasema mvua inakuja. Koth ni mvua, biro ni inakuja. Anaita watu warudishe ng'ombe nyumbani.

Nikauliza, hiyo tu? Akasema hiyo tu, kwani ulitaka nini.

Wasee. Nilikaa pale nimeshika simu, na kitu kilichonijia si ng'ombe, sisi hatukuwa na ng'ombe wa kuchungwa. Nilikumbuka shosho yangu Bahati. Nakuru mvua yake haina adabu, jua liko, mnacheza, halafu ghafla ule upande wa Menengai unakuwa mweusi, na shosho alikuwa anatoka kwa mlango wa jikoni anaita majina yetu yote, mmoja mmoja, kwa sauti ya kuvuta, mvua hiyo, anueni nguo, rudini ndani. Ile sauti ilikuwa inashuka bonde lote. Hakuwa na huzuni yoyote, alikuwa tu anataka nguo zisilowe na sisi tusilowe. Na hakuna mtu mwingine ameniita hivyo tangu alale. Mimi ni mtu mzima, mvua ikija naangalia simu, hakuna mtu ananiita nirudi ndani.

So miaka yote nilikuwa naskia kitu sahihi bila kujua. Sikuwa naskia kilio, nilikuwa naskia mtu anaita watu wake nyumbani. Mwili ulijua kabla ya kichwa.

Sasa turudi kwa uchambuzi, juu kuna watu wataniambia ni kumbukumbu zako tu, wimbo hauna kitu. Hapana, una kitu. Kuna mwanasaikolojia Mwingereza, John Sloboda, 1991 alitoa utafiti, aliuliza watu 83 ni wapi hasa ndani ya muziki mwili unashtuka, nywele zinasimama, machozi yanatoka. Hakutaka waseme wimbo mzuri, alitaka pahali penyewe. Na kwa machozi, kitu kilichojitokeza sana ni ile noti inayoegemea, Waitaliano wanaiita appoggiatura. Yaani noti inaingia pahali si pake, inagongana kidogo na zile za chini, unaskia kama kuna kitu kimekwama, halafu inateleza inakaa mahali pake na wewe unapumua. Kukwama, kutulia, kukwama, kutulia. Ukiskiza kwaya yoyote ya matanga hapa magharibi, ile sauti ya pili wanavyoichelewesha kidogo kabla iungane na wengine, utajua nazungumzia nini bila shule yoyote ya muziki.

Lakini mimi naona kwa Kothbiro kazi kubwa inafanywa na nyatiti. Hii ni ala ya nyuzi nane, mpigaji anaketi chini kwa kigoda, ana pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu anagonga nayo ubao, na njuga mguuni. Ni ala ya sherehe, sawa, lakini ni ala ya matanga pia, mpigaji anakuja kwa boma anamsifu marehemu kwa jina, na ukoo wake, na mambo yake, hadi asubuhi. Kwa hivyo mtu wa hapa akiskia hizo nyuzi, kuna mlango unafunguka ata kabla ya neno la kwanza. Na ile kurudia kwake! Haikupeleki kileleni ikuangushe. Inakaa na wewe. Kama mtu amekuja kwa msiba akaketi tu kando yako, haongei.

Na hapo ndo natofautiana na muziki mwingi wa filamu unaosifiwa. Ule wa Platoon, ile Adagio ya Samuel Barber, ni kazi kubwa sana, na nayo pia haikuandikwa kwa filamu, Barber aliiandika 1936 na filamu ni ya 1986, miaka hamsini. Inaniliza, ndio, lakini inanisukuma, mavayolini yanapanda yanapanda hadi sina pa kujificha. Ule wa Schindler's List, John Williams, vayolini ya Itzhak Perlman, huo siusemi vibaya hata siku moja, hiyo vayolini inaongea kama mzee aliyeona mambo. Lakini ikianza tu nishajua naambiwa nilie. Kothbiro haikuambii kitu, inakuambia funga ng'ombe.

Ule unaokaribia kwangu ni wa ile katuni ya Up, 2009, Michael Giacchino. Mnaikumbuka, mwanzo, maisha yote ya mzee na mkewe kwa dakika kama nne hivi bila mtu kuongea. Wimbo ni mmoja tu, unaanza wa kucheza, wa kurukaruka kabisa, na mwisho ni wimbo uleule kwa piano peke yake, pole pole. Hawakubadilisha wimbo, walibadilisha tu nani amebaki. Nimeionyesha watoto wa dada yangu wakaanza kunifariji mimi.

Sasa mabaya, juu siwezi kuwaficha. Saundtraki ya The Constant Gardener kama kitu cha kuskiza yote mwanzo mwisho, mimi naona haishiki. Vipande vya Iglesias vingi ni vifupi, ndani ya filamu vinafanya kazi vizuri sana, lakini ukiwa jikoni unaosha vyombo vinapita kabla hujavishika. Na kitu cha pili kinanisumbua zaidi. Huu wimbo ni wa Dholuo, ni wa watu wa ziwa, na filamu inatembea Nairobi, inaenda Turkana ambako wanaongea lugha nyingine kabisa, na mtu wa nje anaskia tu "Afrika inalia." Hakuna aliyemwambia kwamba ni mvua. Kama mimi mtoto wa Nakuru, saa chache tu kutoka hapa, nilikosea miaka yote hiyo, je mtu wa London? Ningependa hayo maneno yawekwe kwa skrini. Mistari miwili tu.

Kwa hivyo ushauri wangu kama una pesa ya kitu kimoja, chukua albamu yake mwenyewe, En Mana Kuoyo. Pale unapata Kothbiro imekaa na ndugu zake, na Ayub anapumua. Saundtraki chukua kama umeipenda filamu.

Na tafadhali, nawaomba, msiskize na spika ya simu. Nyatiti iko na sauti ya chini, kuna mvumo fulani wa nyuzi ukigusana na mbao, simu inakata hiyo yote unabaki na kitu kama gitaa la mtoto. Nilikuwa na hedifoni za mia tatu, za barabarani, upande mmoja ulikuwa umekufa, na niliskiza hivyo karibu mwaka mzima. Siku niliazima nzuri, zile kubwa za kufunika masikio, nikaskia kuna sauti zingine nyuma yake, zinamjibu kwa umbali. Kumbe anaita na kuna watu wanaitika! Nilirudisha mwanzo mara nne. Kama huna hedifoni nzuri, spika yoyote ya mbao ya mzee wako pale sebuleni itakufaa, weka sauti ya chini, zima taa.

Alama sitatoa leo, ngapi juu ya kumi sijui, wimbo kama huu unaupaje namba.

Jana nilimwambia Dani nitamtaja kwa vidio akasema sawa, lakini jina lake nisiseme. Akaniuliza kama bado niko na ile ngoma ya mvua. Nikaiweka. Mikono ikaacha mboga, akaangalia tu huko upande wa ziwa, na ilipoisha akasema kitu kwa Dholuo, pole pole, si kwangu. Sikumuuliza amesema nini. Akaniambia, nyathina, weka tena.